Nipe Mji: Kumcheka Asiyejua

Katika mchezo wa vitendawili, asiyejua jibu hapewi sifuri, huombwa mji. Mtegaji hutangaza, "Kitendawili!", wenzake huitikia, "Tega!", naye husema kuku wake katagia miibani. Wakishindwa, hudai, "Nipeni mji." Hupewa Mombasa au Lamu, hujigamba jinsi alivyofika huko akala, akanywa na kupokewa kwa shangwe, kisha hulazimika kulitoa jibu: nanasi. Watu hucheka, na mtegaji mwingine hushika zamu. Utaratibu huu mfupi umebeba swali zito la maadili: ni lini ni haki kumcheka mtu kwa sababu hajui?

Swali hilo halikubaki barazani. Redio imelifanya kuwa burudani ya mamilioni. Nchini Marekani, kipindi cha Wait Wait... Don't Tell Me!, kilichoanza mwaka 1998, huwaalika watu mashuhuri na kuwauliza maswali matatu juu ya jambo lililochaguliwa kwa makusudi liwe mbali na kazi yao. Ask Me Another, kilichorushwa kuanzia 2012 hadi 2021 kikiongozwa na Ophira Eisenberg, kilichanganya mafumbo, muziki na mzaha mbele ya hadhira. Tuzo zenyewe huwa ndogo kiasi cha kuchekesha: kwa miaka mingi, mshindi wa kipindi cha kwanza alipata ujumbe wa simu uliorekodiwa kwa sauti ya mtangazaji Carl Kasell. Ni vigumu kuamini kuwa msikilizaji hutega sikio kwa ajili ya tuzo kama hiyo. Kinachomvuta ni kumsikia mtu mkubwa akisema "sijui", asianguke.

Thomas Hobbes, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, hakuwa na imani na furaha ya namna hiyo. Kwake, kicheko ni fahari ya ghafla: mtu huona kasoro ya mwenzake, akajiona yeye ni bora. Hoja hiyo haipuuzwi kwa urahisi. Yeyote aliyewahi kuchekwa darasani anajua kwamba Hobbes hakusema uongo. Lakini alieleza aina moja ya kicheko, na kitendawili kinaonyesha aina ya pili. Mtegaji anayecheka ana deni. Akishapokea mji, hawezi kulificha jibu. Akishalitoa, hana tena siri inayomtenga na wenzake. Na zamu ikizunguka, yeye ndiye atakayeombwa mji. Hapo kutojua si aibu ya mtu mmoja bali ni ada ambayo kila mmoja ataitoa kabla ya usiku kwisha.

Methali husema kuuliza si ujinga. Methali hiyo humlinda muulizaji asiyejua. Haisemi lolote kuhusu muulizaji anayejua, yule aulizaye ili kupima. Huyo ndiye anayehitaji maadili zaidi, kwa kuwa swali lake laweza kuwa mchezo na laweza kuwa lango la kuwazuia watu wasipite.

Watu wa Sur, bandari ya mashariki mwa Oman, wana sababu ya kuijua tofauti hiyo. Huu ni mji ulioishi kwa kuunda vyombo na kuvipeleka Afrika Mashariki kwa pepo za kaskazi. Fath al-Khair, jahazi lililoundwa hapo mwaka 1951, bado limehifadhiwa mjini. Safari hizo zilizaa koo zenye ndugu pande zote mbili za bahari. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na hasa baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970 na kuwaita Waomani walioko nje, wengi walirejea Oman wakiwa na elimu, Kiingereza na Kiswahili fasaha, lakini Kiarabu chao kikiwa cha kusitasita. Kwa mtu kama huyo, kuulizwa mbele ya watu neno fulani husemwaje kwa Kiarabu hakukuwa chemsha bongo. Aliyejikwaa hakuombwa mji. Mji alikuwa ameshautoa, nao haukuwa wa mchezo.

Hapa ndipo vipindi vya watu mashuhuri vinapopungukiwa. Mgeni wa redio ana miji mingi: jina, kazi, mali, mashabiki. Akitoa mmoja, hapungukiwi, na unyenyekevu wake ni wa bei nafuu. Si kosa lake, wala kicheko chake si cha uongo. Ila hakiwezi kuwa kipimo kwa mtu mwenye mji mmoja tu. Haki ya kumcheka asiyejua inategemea amebakiwa na nini baada ya kucheka kwetu.

Mtu anaweza kupinga kwamba huruma hii ni ya hatari. Lugha hufa kwa kuendekezwa. Mjukuu asiyeaibishwa hatajifunza. Pingamizi hilo lina uzito katika nyumba ambamo bibi huota kwa Kiswahili na mjukuu huota kwa Kiarabu. Lakini kitendawili hakimwendekezi mtu. Kushindwa hutangazwa, malipo hudaiwa, na jibu husemwa wazi likumbukwe. Anachokikataa ni kimoja tu: kuufanya uanachama wa mtu uwe ndiyo malipo.

Basi mjukuu wa Sur akitegewa kuku aliyetagia miibani, huenda asijue. Nanasi analijua la sokoni, limeshachumwa; hajaliona shambani likikaa katikati ya majani yake makali. Bibi ana njia mbili. Anaweza kusema, "Mswahili gani wewe!", na hapo atakuwa amemsimamishia mtoto lango lilelile ambalo kizazi chake kilisimamishiwa kwa Kiarabu. Au anaweza kucheka na kusema, "Haya, nipe mji."

Mtoto hatampa Unguja, asiyoijua ila kwa masimulizi. Atampa mji alio nao: "Nimekupa Sur." Na kanuni ya mchezo itambana bibi. Itambidi aende Sur, aeleze kwa Kiswahili amekula nini huko na amepokewa na nani, kabla ya kulitaja nanasi.