Moyo Safi na Jicho Kali

Mwaka 1963 Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa wetu huu wa Mara, alitoa kwa Kiswahili mchezo wa Shakespeare uhusuo kuuawa kwa Julius Caesar; akausahihisha na kuutoa tena mwaka 1969. Basi, wasomaji wa Robanda na kwingineko, natuwatazame watu wawili waliomo, Brutus na Cassius, walioshika shauri moja kwa mioyo miwili.

Cassius alimwonea Caesar wivu, lakini jicho lake lilikuwa kali. Alitaka Mark Antony auawe pamoja na bwana wake. Tena alikataza Antony asiseme mbele ya maiti. Na vitani alishauri wamngoje adui, wasimwendee Filipi. Mara tatu Brutus alimkatalia, na mara tatu ikawa hasara kwao.

Brutus hakuwa na wivu. Alihofu kwamba Caesar akivikwa taji, Warumi watakuwa watumwa. Watu walimheshimu, na hiyo ndiyo sababu Cassius alimtaka: tendo lao lilihitaji jina jema la kulifunika. Akamtupia barua za uongo dirishani, kana kwamba zimetoka kwa raia.

Je, nani mbaya zaidi? Wengi watasema Cassius. Lakini angalieni ugomvi wao karibu na Sardi. Brutus alimkemea mwenzake kwa rushwa. Kisha papo hapo akamlaumu kwa kumnyima dhahabu ya kulipa askari, maana yeye mwenyewe hakuweza kutafuta fedha kwa njia mbaya. Alitaka kula nyama, ila damu ibaki mikononi mwa mwingine.

Mwenye wivu hupata wafuasi wachache. Bali mtu mwema akipotea huwapoteza wengi, kwa kuwa wamemwamini. Kwa hiyo mwenye sifa njema ana deni kubwa. Akijiwa na mtu amtakaye awe upande wake, katika uchaguzi wa kijiji au kesi ya shamba, haitoshi kujiuliza, “Je, nia yangu ni safi?” Yampasa aulize pia, “Tendo lenyewe ni haki? Na huyu ataka shauri langu, au jina langu tu?”

Wote wawili walikufa Filipi, mwaka 42 kabla ya Kristo, kila mmoja kwa upanga wake mwenyewe. Katika mchezo Antony amsifu Brutus kwa unyofu wake. Lakini sifa ile haikumfufua Caesar, wala haikuwarudishia Warumi uhuru wao.