Kilatini cha Gramsci, Kifaransa cha Barbiana

Mtoto wa Italia hufika njia panda mapema. Akiwa na umri wa miaka 13 hivi, yeye na wazazi wake huamua aende sekondari gani kwa miaka mitano ijayo. Akichagua liceo classico, atasoma Kilatini na Kigiriki cha kale hadi mwisho. Akichagua liceo linguistico, atasoma lugha tatu za kigeni zinazozungumzwa leo, na Kilatini kidogo katika miaka miwili ya mwanzo. Fomu ya kujiandikisha haigusi falsafa, lakini falsafa imo ndani yake: mtu anajifunza lugha ili aitumie, au ili imjenge?

Antonio Gramsci alilijibu swali hili akiwa gerezani. Mkomunisti huyu, aliyezaliwa Sardinia mwaka 1891 na kukulia katika ufukara, alikamatwa na serikali ya Mussolini mwaka 1926, na kuanzia 1929 akawa anajaza madaftari kwa mawazo yake. Mtu angetegemea aipige vita lugha ya mapadri na mabwana. Aliitetea. Kwa hoja yake, mtoto hasomi Kilatini ili awe mkalimani au mhudumu wa hoteli. Anakisoma ili azoee kukaa kitako, kupima neno moja kwa uangalifu, na kuona jinsi ustaarabu mzima ulivyozaliwa, ukakua, ukafa. Alikubali kwamba siku moja Kilatini kitapisha masomo mengine, ila alionya kwamba haitakuwa rahisi kupata somo la kuzaa matunda yaleyale. Shule za ufundi wa mapema alizitilia shaka, kwa kuwa aliona zinaendeleza matabaka.

Upande wa pili alisimama padri.

Lorenzo Milani, mtoto wa familia tajiri ya Florence, alipelekwa mwishoni mwa 1954 Barbiana, parokia ndogo ya milimani, akaanzisha shule ya watoto wa wakulima. Kilatini alikuwa nacho madhabahuni. Darasani alitaka lugha ambazo wasemaji wake wapo na wanajibu: wanafunzi walisoma magazeti, na baadhi yao walitumwa nje ya nchi kufanya kazi na kujifunza lugha hukohuko. Mwaka 1967 wanafunzi wanane walitoa kitabu Lettera a una professoressa, wakiishtaki shule ya serikali kwa kuwafelisha watoto wa maskini. Milani alifariki Juni mwaka huohuo.

Hasira yao ilikuwa na chanzo. Hadi 1962, mtoto wa miaka 11 aliingia ama shule ya kati yenye Kilatini, iliyomwelekeza liceo na chuo kikuu, ama shule ya kazi isiyo na Kilatini, ambako njia hiyo ilikuwa imefungwa. Sheria ya tarehe 31 Desemba 1962 iliziunganisha shule hizo. Kilatini kikawa cha hiari, na mwaka 1977 kikaondolewa kabisa katika shule ya kati. Kwa miongo mingi, basi, somo lililotakiwa kupanua akili lilitumika kama chekeche, na waliochujwa walikuwa walewale.

Hata hivyo kitabu cha Barbiana kina ukurasa unaowavuruga wanaodhani kwamba kuchagua lugha ya kisasa kunamaliza kazi. Kinasimulia mitihani ya Kifaransa iliyojaa maneno ya mtego, kama bundi, kokoto na upepeo. Mwanafunzi angeweza kupata alama za juu, kisha akifika Ufaransa ashindwe kuuliza choo kiko wapi. Lugha hai nayo hufundishwa ikafa.

Msomaji wa Lamu au Unguja analijua jambo hili kwa Kiarabu. Mtoto wa chuoni huhifadhi sura za Kurani, na kuhifadhi huko humpa adabu na kumbukumbu asizozipata kwingine. Hilo halikumzuia Sheikh Abdullah Saleh Farsy kuitaabikia tafsiri yake, Qurani Takatifu, iliyotoka kamili mwaka 1969, ili Waswahili waelewe wanachokisoma. Wakatoliki nao, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kufungua mlango mwaka 1963, walianza kuisikia Misa kwa Kiswahili.

Gramsci alisema kweli kuhusu faida ya Kilatini, na Milani alisema kweli kuhusu aliyelipia faida hiyo. Lakini lugha hai ina jambo moja ambalo Kilatini hakina: mtu wa kukubishia. Cicero, mwandishi wa Kilatini wa Roma ya kale, hawezi kumwambia mwanafunzi kwamba amemwelewa vibaya. Mjerumani anaweza, na kijana anayekosolewa hivyo hujifunza kusikiliza. Kwa shule ambayo kila mtoto analazimika kwenda, hilo linatosha kuipa lugha hai nafasi ya kwanza. Kilatini kibaki wazi kwa anayekipenda, awe mtoto wa daktari au wa mchunga kondoo. Mzazi anayemlazimisha mwanawe kukisoma kwa ajili ya hadhi ya shule tu anamdhulumu mtoto huyo.