Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Watoto ndio wa kwanza kuielewa methali hii, na wanaielewa kwa tumbo. Mgeni akishuka kwenye basi na kapu lake, jogoo aliyekuwa akijipitia uani bila wasiwasi huanza kukimbizwa, mchele uliowekewa Ijumaa hupimwa Jumanne, na aliyezoea ugali kwa mchicha siku hiyo hulala na harufu ya pilau mikononi. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," husema watu wazima huku wakicheka. Maana ya juujuu inaishia hapo: ujio wa mgeni ni neema kwa wenye nyumba, kwa kuwa anachokirimiwa hakili peke yake.

Maana hiyo ni ya kweli, wala haifai kubezwa. Ziko nyumba ambazo nyama ilikuwa na miadi na Idi au Krismasi, na mgeni pekee ndiye aliyeweza kuivunja miadi hiyo. Lakini kushiba si kupona. Methali inamchukulia mwenyeji kuwa ana maradhi, na anayetaka kuifafanua sawasawa hana budi kuuliza ni maradhi gani hayo ambayo dawa yake huja na mtu wa mbali. Jibu langu nililipata kwa bibi yangu mzaa mama, mjini Tanga, na sijaona lililo bora kuliko hilo.

Bibi aliishi Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba, katika nyumba ya Kiswahili kama nyingine zote: baraza mbele, ukumbi unaopita katikati ya vyumba hadi uani, na huko uani jiko na mbuzi ya kukunia nazi ambayo haikupata kupumzika. Hospitali ya Bombo ndiyo hospitali ya mkoa, kwa hiyo mgonjwa wa Pangani, Muheza, Korogwe au Handeni akizidiwa huletwa Tanga mjini. Mgonjwa hupata kitanda. Anayemuuguza hupata saa za kuona wagonjwa, na saa zilizobaki hajui azipeleke wapi. Wengi wa hao waliishia kwa bibi. Mmoja alikuwa binamu wa shemeji wa jirani. Mwingine hakuwa na undugu wowote, alikuja na jina tu la mtu aliyewahi kulala pale zamani. Bibi aliitikia shikamoo yake, akampokea mzigo, akamwonyesha maji ya kuoga yalipo. Maswali aliyaacha hadi mtu ashike tonge.

Alikuwa na desturi moja ambayo kwangu ndiyo ufafanuzi kamili wa methali hii. Kila jioni, akishapima mchele wa watu waliomo nyumbani, aliongeza kibaba kimoja. Tulipokuwa wadogo tulimuuliza ni cha nani, naye akatujibu bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, "Cha aliye njiani." Hakumjua aliye njiani. Mara nyingi hakuja mtu, na kibaba kile tukakila asubuhi kama kiporo, kwa chai ya mchaichai. Lakini hodi ilipobishwa baada ya magharibi, hakuna aliyeonekana kuhangaika, na mgeni hakusikia minong'ono ya jikoni ya kutafuta cha kumpa. Kama mchuzi ulikuwa tayari motoni, bibi alirudia machicha, akayamwagia maji ya moto, akayakamua tena kwenye kifumbu. Tui likawa jepesi, watu wakatosha.

Tazama kinachotendeka hapo. Mgeni ana nafasi katika nyumba kabla hajafika, na kabla hajajulikana ni mwema au mbaya, ana zawadi au mikono mitupu. Basi maradhi yanayotibiwa ni yale yanayomfanya mtu apime kila kitu kwa idadi ya waliomo ndani. Wengine watayaita choyo. Mimi naona ni mapana kuliko choyo, maana hata mtu mkarimu anaweza kuwa nayo. Ni kule kudhani kuwa nyumba inatosha kwa walio ndani yake, na kwamba mlango ni wa kufungwa. Nyumba ya namna hiyo huugua taratibu: habari zake ni zilezile, ugomvi wake ni uleule, watoto wake huwaogopa watu.

Sisi wajukuu tulipona maradhi hayo bila kujua kuwa tunatibiwa. Tuliachia vitanda, tukalala ukumbini kwenye mikeka, na usiku tukasikia habari za bei ya mahindi Handeni, za mvua iliyokata barabara Lushoto, za nani kaolewa Pangani na nani kasusa harusi. Bibi, ambaye maishani mwake hakusafiri mbali, aliujua mkoa mzima wa Tanga kwa majina ya watu. Hadi leo wako ninaowaita shangazi na mjomba ambao ukinitaka nieleze undugu wetu, nitakwama.

Huenda mtu akasema ukarimu wa aina hii una biashara ndani yake. Kwa pwani yetu hilo lina ukweli wa kihistoria. Msafiri Ibn Battuta alipopita pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1331, alieleza jinsi jahazi lilivyopokewa Mogadishu: vijana walilijia kwa mashua wakiwa na vyombo vya chakula vilivyofunikwa, kila mmoja akampa mfanyabiashara mmoja na kumtangaza kuwa ndiye mgeni wake. Mfanyabiashara alishukia nyumba ya kijana huyo, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia. Aliyekuja na kaskazi alilazimika kungoja kusi ndipo arudi kwao, na kwa miezi hiyo yote alihitaji mtu wa kumweka. Hapo mwenyeji alipona kwa faida, tena ya fedha. Siwalaumu, miji yetu ilijengwa kwa mapatano kama hayo. Ila methali haiwezi kuwa na maana hiyo peke yake, kwa sababu wageni wa bibi hawakuwa na jahazi. Walikuja na kanga moja, chupa ya chai na mgonjwa wodini.

Siku moja alirudi mama mmoja kutoka Bombo, mwanawe amefariki. Hakulia. Alisimama uani kama aliyesahau alichofuata. Bibi aliingia chumbani, akafungua sanduku, akatoa doti ya kanga ambayo haijakatwa wala kupindwa. Alikuwa akiiweka kwa ajili ya harusi ya mama yangu mdogo. Aliikata kwa mkasi pale pale, kipande kimoja akamfunga yule mama kiunoni, cha pili akamfunika kichwani, kisha akaketi naye chini. Hapo ndipo kilio kilipotoka. Mimi nilikuwa mtoto, na nilichokiona ni kanga mpya ikikatwa. Sasa nafahamu kuwa kutoa ni moyo, kama wahenga walivyosema, na kwamba mtu hazaliwi na moyo huo. Huzoezwa kwa kibaba kimoja kila jioni mpaka kanga ikikatwa mkono usitetemeke.

Lakini kuna jambo ambalo wafafanuzi wengi wa methali hii hulipita haraka, nami sitaki kulipita. Mwenyeji ni nani? Babu alikaa barazani na wageni wa kiume, akasifiwa mjini kuwa nyumba yake haina njaa. Sifa hiyo ilipikwa na mtu mwingine. Kisa kinachotajwa sana kuhusu ukarimu, kwa Waislamu na kwa Wakristo vilevile, ni cha Ibrahimu na wageni wake. Qurani inamtaja akiwaletea ndama aliyenona. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 18, kinaongeza kwamba Ibrahimu alikimbilia hemani kumwambia Sara akande vipimo vitatu vya unga laini. Ibrahimu ndiye tunayemsifu kwa kukirimu. Sara ndiye aliyekuwa na unga mikononi.

Hata hivyo kisa hakiishii kwenye mkate. Wageni wale waliuliza alipo Sara, na habari waliyoileta ilikuwa yake: atazaa mtoto katika uzee wake, baada ya maisha marefu ya kuitwa tasa. Siijui hadithi nyingine inayoitimiza methali yetu barabara kiasi hiki. Mgeni alikuja, akapona yule hasa aliyekanda unga. Hiyo ndiyo haki ambayo methali inaidai, na ambayo nyumba nyingi hazijaitimiza. Kama mgeni anawaponya wote barazani na kumwacha mwanamke jikoni na mgongo unaouma, basi nyumba hiyo imepona nusu.

Bibi aliijua dawa ya hilo, nayo imo katika methali nyingine ambayo watu huidhania kuwa adui wa hii: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia mwaka 1962 katika andiko lake kuhusu ujamaa, kuonyesha kwamba katika jamii zetu za zamani kila mwenye nguvu alifanya kazi, na mgeni naye hakuachwa nyuma. Mafundisho ya Mtume nayo yanaweka haki ya mgeni kuwa siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka. Wengine huisoma methali ya jembe kama kumfukuza mtu kwa adabu. Kwa bibi ilikuwa kinyume chake. Siku ya tatu alimsogezea mgeni ungo wa mchele achambue, au nazi akune, na uso wa mgeni ukabadilika. Anayekaa kwa watu huku mgonjwa wake yuko wodini huona haya kwa kila tonge. Ukimpa kazi unampa ruhusa ya kukaa. Tangu saa ile hakuwa tena mzigo, akawa mmoja wa watu wa nyumba, na mgongo wa bibi ukapata nafuu. Methali hizi mbili ni mwanzo na mwendelezo wa jambo moja.

Bibi alipofariki ndipo nilipoona hesabu nzima. Kabla ya jua kutua walianza kuingia watu wa Muheza na Korogwe, na asubuhi wakaja wa Pangani na gunia la mchele na nazi. Kina mama ambao sisi hatukuwajua kwa majina walipita ukumbini moja kwa moja hadi uani. Walijua sufuria kubwa ilipo na mwiko unapotundikwa. Mama yangu na dada zake walikatazwa kugusa jiko siku zote za matanga. Ni desturi yetu kuwa waliofiwa wapikiwe, lakini kwa kawaida wapishi huwa majirani. Hawa walikuwa wageni wa miaka mingi, na kila mmoja alikuwa na kisa chake cha usiku aliopokewa. Mwenyeji alikuwa amelazwa kaburini na nyumba yake ikauguzwa na wageni wake.

Najua leo ni vigumu. Watu wanaishi chumba na sebule, kodi inalipwa kwa miezi mingi kwa mkupuo, na anayekuja mjini huelekezwa gesti. Sitamlaumu asiye na nafasi ya kulaza mtu. Hata hivyo kibaba hakihitaji chumba cha ziada. Aliye karibu na hospitali anaweza kumpelekea anayeuguza uji asubuhi. Anayekwenda kwa watu asiende mikono mitupu, na akifika asingoje siku ya tatu kuulizia ungo. Wanaume na watoto wa kiume waingie jikoni mgeni akiwapo, si kuonja bali kukuna nazi na kuosha vyombo. Na wewe ambaye mama yako au bibi yako bado yuko hai, mkalishe leo, umwulize ni nani na nani waliowahi kulala katika nyumba yake, uyaandike majina yao. Siku moja watu hao watabisha hodi kwenu, na itafaa wakute mtu anayewajua.