Mwanamke Nyuma ya Mafagio

Mwaka 1967 madaktari wa Marekani waliofungua majarida yao ya kitaaluma walikuta picha ya mwanamke amesimama nyuma ya mafagio na madekio. Mipini ilikuwa imepangwa wima mbele yake mithili ya nondo za jela. Maandishi yalimweleza daktari kwamba kumfungua huyu mama hawezi, ila wasiwasi anaweza kumpunguzia. Dawa iliyotangazwa iliitwa Serax.

Aliyetunga tangazo lile jela aliiona vizuri. Alijua kinachommaliza mama huyu ni kazi za nyumbani zisizokwisha. Akayajua yote hayo, kisha akauza kidonge. Mume hayumo pichani, na hakuna aliyeuliza kwa nini naye asishike fagio.

Mwaka 1970 ikawa zamu ya Jan, katika tangazo la Valium, nayo dawa ya wasiwasi. Jan ana miaka 35 na hajaolewa. Picha zake akiwa na wanaume zimefuatana mwaka hadi mwaka, mpaka mwishoni anabaki peke yake. Daktari anaambiwa kwamba bila shaka anao wagonjwa wengi wa namna hii, na kwamba huyu hakupata mwanamume wa kufikia kiwango cha baba yake. Hapo kutoolewa kumefanywa ugonjwa, nami jambo hilo naliita tusi. Daktari aliyezoea kurasa hizo alikuwa ameshapewa jibu kabla mgonjwa hajafungua mdomo. Na mwanamume mwenye huzuni ileile, ambaye picha hizo hazikumhusu, alikuwa rahisi kupitwa.

Wazee nao walipata picha yao. Tangazo moja la Thorazine, dawa ya magonjwa ya akili, lilimwonyesha mzee ameinua mkongojo kama anayetaka kupiga. Huenda alikuwa na maumivu, au hakuna aliyekuwa akimsikiliza, tangazo halikujali. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza onyo kali kwamba dawa mpya za jamii hiyo huongeza vifo kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Za zamani, Thorazine ikiwemo, zilifuata mwaka 2008.

Wapo wagonjwa wanaozihitaji kweli dawa za akili, na zinawasaidia. Lakini mwaka 1978 pekee Wamarekani waliuziwa zaidi ya vidonge bilioni 2 vya Valium. Barbara Gordon, mtayarishaji wa vipindi vya televisheni jijini New York, alivimeza kwa miaka. Akaviacha vyote ghafla, na akaishia kulazwa hospitali ya magonjwa ya akili. Kitabu chake kuhusu mkasa huo kilitoka mwaka 1979. Dawa za aina hii hupunguzwa kidogokidogo chini ya uangalizi wa daktari, kwani kuziacha ghafla kunaweza kuleta hata degedege.

Mwaka 2000 kampuni ya Eli Lilly iliitoa tena Prozac, dawa yake ya sonona, kwa jina la Sarafem, kwa wanawake wanaosumbuliwa vikali kabla ya hedhi, safari hii katika rangi ya waridi na zambarau. Televisheni ikaonyesha mwanamke akivutana na toroli la dukani kwa hasira. FDA iliiandikia kampuni kwamba tangazo hilo halitenganishi ugonjwa na kero za kawaida za kila mwezi.