Siri Ya Mtu Aliyechoka Kuishi

Jumamosi moja jioni nilikaa na vijana kwenye maskani yao huko Likoni, Mombasa. Nilikuwa nimeenda kikazi, daftari mkononi. Vijana hawa, wengine waendesha bodaboda, wengine wamemaliza shule na bado wanasaka ajira, wameanzisha kikao chao cha kuzungumza yanayowalemea moyoni. Hakuna daktari pale, wala mshauri nasaha. Kuna kahawa chungu, kashata, na sharti moja ambalo mwenye zamu hulitamka kabla mtu hajafungua kinywa: yanayosemwa hapa yanabaki hapa.

Nililiandika sharti hilo nikalipigia mstari. Kisha kijana mmoja, aliyekuwa kimya tangu nifike, akauliza: "Na mtu akisema amechoka kuishi, pia hayo yabaki hapa?"

Hakuna aliyejibu. Hata mimi, ambaye maneno ndiyo mkate wangu, nilijifanya naandika.

Swali lile nalijua. Nikiwa mwaka wa tatu chuoni, swahiba wangu tuliyekuwa tukilala chumba kimoja aliniambia usiku kwamba haoni sababu ya kufika asubuhi. Akaniapisha nisimwambie mtu, nikaapa. Siku tatu nililala jicho moja wazi. Siku ya nne nikampigia mamake simu, kwa kificho. Mama alikuja akamchukua, akatibiwa. Leo yu hai, ana watoto wawili. Lakini miaka miwili hakusema nami, na siku tulipopatana aliniambia, "Sikukasirika kwamba ulisema. Nilikasirika kwamba nilikuwa wa mwisho kujua."

Sisi tumelelewa kuitukuza siri. Siri ya mtungi aijuaye kata, twaambiwa. Nayo kata huzama mpaka ndani, ikatoka na maji, isiseme imeona nini. Lakini wahenga haohao wakatuambia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali zimegawanyika, kila mtu achukue inayomfaa.

Sheria nayo ilitufunza kunyamaza. Nchini Kenya, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, na adhabu yake ilifika kifungo cha miaka miwili. Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kabla ya hapo, kumsema rafiki kulikuwa na hofu yake: je, nikisema, atafikia kwa daktari au kwa polisi? Nani angemlaumu aliyekaa kimya?

Hata hivyo, hofu ya polisi ikiondoka, swali la maskani linabaki palepale. Nimelizungusha kichwani wiki kadhaa, na nimefika hapa: siri ni amana. Ukiniwekea mzigo wako, naulinda kwa sababu utarudi kuuchukua. Uaminifu wangu wote umesimama juu ya kurudi kwako. Sasa mtu anayeniambia hatarudi, kisha akanitaka niulinde mzigo, ananidai kitu ambacho amana haikijui. Kumweka hai mwenye mali ndiyo njia ya pekee ya kuitunza mali yake.

Mwenye zamu, nilipomweleza hivyo, hakukubali. "Tukisema hivyo mwanzoni, kaka, hakuna atakayetamka. Watakuja kunywa kahawa tu." Ana hoja, na si ndogo. Shirika la Afya Duniani linataja kujiua kuwa miongoni mwa sababu kuu za vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 29, na mara nyingi kijana humwambia kijana mwenzake kabla ya mtu mzima yeyote. Ukiuziba mlango huo, umeziba pengine mlango wa pekee.

Lakini ahadi ambayo najua nitaivunja ni mtego. Kosa langu chuoni halikuwa kusema. Lilikuwa kuapa nisichoweza kutimiza, halafu nikatenda kwa kificho, kama jasusi. Ningemwambia uso kwa uso: hili siwezi kulibeba peke yangu, twende wote, nani tumwambie kwanza? Pengine angekasirika vilevile. Ila angekuwa mwenye safari, si mzigo unaosafirishwa.

Sijui kama sharti la maskani litabadilika. Tulibishana hadi kahawa ikapoa. Yule kijana mkimya ndiye aliyesema la mwisho: "Mimi heri nijue mapema. Nikijua mpaka wenu uko wapi, n'tasema."

Nilipoaga, akanisindikiza hadi feri. Daftari nililitia mkobani. Tuliyozungumza njiani ni yake. Nilimuuliza tu ni nani angependa tumwambie, akanitajia, tukampigia simu pale pale kabla sijavuka. Ameniruhusu niandike hadi hapa.