Bango Nalo ni Ahadi

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini hata tamasha jema la muziki halijulikani lisipotangazwa, na anayelitangaza hana budi kulipamba. Basi twajiuliza: kupamba kunaishia wapi, na uongo unaanzia wapi? Tena, mchoraji anayelipwa kwa kuchora tu, je, ana deni lolote kwa wale watakaoliamini bango lake?

Mwaka 1969, huko Marekani, Arnold Skolnick alitengeneza bango la tamasha la Woodstock: njiwa mweupe ametua juu ya shingo ya gitaa, na nyuma yake rangi nyekundu tupu. Hakuna aliyedhani kwamba akifika atamkuta njiwa huyo. Ilikuwa ishara ya amani, na kila mtu aliielewa hivyo. Lakini bango lilikuwa na maneno pia: siku tatu, majina ya wanamuziki, chakula, mahali papana pa kutembea. Hayo hayakuwa ishara, yalikuwa ahadi. Walipofika watu wapatao 400,000, chakula kilipungua, na wenyeji wa sehemu zile wakachanga vyakula vyao. Waandaaji walikuwa wamejitayarisha, ila walizidiwa.

Sasa tutazame mfano mwingine. Mwaka 2017 tamasha la Fyre, katika visiwa vya Bahamas, lilitangazwa kwa picha za bahari ya buluu, warembo na starehe za kitajiri. Waliofika walikuta mahema ya kusaidia watu waliopatwa na maafa, na tamasha likavunjika. Mwanzilishi wake, Billy McFarland, alihukumiwa mwaka 2018 kifungo cha miaka sita kwa ulaghai. Bahari ile ilikuwa ya buluu kweli. Lakini picha ya kweli yaweza kutumiwa kushuhudia jambo lisilokuwapo, na hapo ndipo pambo linapogeuka uongo.

Wako watakaosema kwamba mchoraji si mwandaaji. Yeye huchora aliloambiwa. Ni kweli hawezi kujua yote, wala si haki kumtwika mzigo wote. Hata hivyo, watu hawamwoni mwandaaji. Huona kazi ya mchoraji. Mkono wake ndio unaoyafanya maneno yapendeze na kuaminika. Kwa hiyo yampasa angalau kuuliza: Mwimbaji huyu amekubali? Uwanja umepatikana? Akijibiwa kwamba hayo yataonekana baadaye, na aandike hivyo hivyo.

Nasi tusidhani kwamba haya ni mambo ya ng'ambo tu. Tamasha la kwaya nalo hubandikiwa bango. Jina la kwaya kutoka mbali likiandikwa kabla haijakubali kuja, yuko mama atakayeuza kuku wake apate nauli ya kwenda kuisikia. Kama kwaya hiyo imealikwa tu, bango liseme "imealikwa", lisiseme "itakuwapo". Ni tofauti ya neno moja, lakini kwa mama yule ni nauli yake.

Ahadi ni deni. Njiwa na achorwe apendavyo mchoraji. Bali majina, tarehe na mahali viandikwe kwa uangalifu ule ule wa mtu anayetia sahihi hati ya mkopo.