Zawadi ya Mkono

Kofia ya viua hushonwa kwa sindano na uzi, tundu baada ya tundu, hata wiki nyingi zikapita. Ya mashine hununuliwa Darajani kwa dakika chache, na zote mbili husitiri kichwa sawasawa. Basi mke amshoneaye mumewe kofia humpa kitu gani kisichopatikana dukani?

Hujibiwa kuwa humpa wakati wake. Jibu hili ni jema, lakini halitoshi. Mtumwa naye alitoa wakati wake wote, wala kazi yake haikuitwa zawadi.

Twende Mbweni, kusini mwa mji, yalipo magofu ya skuli ya wamisheni wa UMCA. Hapo walilelewa wasichana waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Tangu 1877 mwalimu wao mkuu alikuwa Caroline Thackeray, na kushona kulikuwa miongoni mwa mafunzo yao. Msichana aliyeshona kwa agizo la mwalimu alitimiza wajibu. Lakini kama siku moja alimshonea mwenzake kitambaa kwa hiari, hata kwa mshono uliopinda, alitenda jambo ambalo hakuna bwana awezaye kuliamuru. Mkono uliokuwa mali ya mwingine ulikuwa umerudi kwake. Ndipo ukaweza kutoa.

Kwa hiyo asili ya zawadi ya mkono ni uhuru wa mtoaji. Ustadi na siku nyingi huja nyuma yake. Mume amlazimishaye mkewe kumshonea atapata kofia. Zawadi hataipata.